KIRAKA CHA RANGI NI KAZI, NA KILIPWE KAMA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wapaka rangi katika mkutano wa Rongai. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumepewa nafasi hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wenu mlicheka mliposikia jina lake, yaani kupaka viraka vya rangi katika kuta za ndani. Mlisema, "Hilo nalo ni neno la kuitia mkutano?" Twajibu kwamba ndilo. Nyumba mpya ikipakwa, tajiri na fundi huagana kwa amani. Lakini fundi akiitwa kufuta madoa machache nyuma ya mlango, mara nyingi hurudi nyumbani na nusu ya fedha zake, na kifua kimejaa vumbi. Kazi ndogo huleta ugomvi mkubwa, na yafaa tujue kwa nini.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Si zamani sana, watatu kati yetu tuliitwa kwenye shamba moja hapa Rongai. Jina lake tutaliacha, kwa kuwa maneno yale yalikwisha. Nyumba yenyewe ni ya zamani, na siku hizi ni ofisi na vyumba vya makarani. Msimamizi alituonyesha ukumbi mrefu: migongo ya viti imekwaruza ukuta, moshi wa taa umepanda hadi darini, mashimo ya misumari huku na huku, na alama za mikono penye swichi ya umeme. Akasema, "Sitaki kupaka nyumba nzima. Pakeni palipochafuka tu. Hii ni kazi ya siku moja." Akatuletea debe moja la rangi kutoka stoo, nusu yake imekwisha tumika.

Tulifanya haraka, maana siku moja ni siku moja. Tulipiga msasa mkavu, tukaziba mashimo kwa pati, tukapaka kwa brashi. Saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza, na msimamizi akasema ni vizuri. Asubuhi yake jua likaingia kwa mlango wa mashariki, likapita ubavuni mwa ukuta wote, na kila kiraka kikaonekana kama kiraka cha kaniki kwenye kanzu. Fedha zikazuiwa. Mwenzetu mmoja akakohoa siku mbili. Nguo zake za kazi, zikiwa zimejaa vumbi lile, zilifuliwa katika karai moja na nguo za mtoto wake mchanga.

Tulipokwenda kuzungumza na tajiri pamoja na katibu wa tawi, hatukwenda kama malaika. Tulijua makosa yetu. Lakini pia tulijua kwamba kosa kubwa lilifanyika kabla ya brashi kuingia katika debe. Hatukupewa saa za kuutayarisha ukuta, na sisi hatukuziomba. Neno letu la leo ni hilo moja. Kazi ya kiraka iko kabla ya rangi, na sehemu hiyo ndiyo ambayo hatulipwi.

KWA NINI KIRAKA HUONEKANA

Watu husema kiraka kikionekana, fundi hajui kazi. Si kweli kila mara. Ziko sababu nne, na kila mpaka rangi na azijue ili aweze kujibu akiulizwa.

Sababu ya kwanza ni umri. Rangi ya ukutani hupauka kwa mwanga, hushika moshi na vumbi. Vumbi letu la huku bondeni ni jepesi sana, kwa kuwa udongo mwingi ni wa majivu ya milima ya moto kama Menengai, na huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Rangi ya debe haikupauka. Hata ikiwa ni debe lile lile lililotumika siku ya kwanza, leo haiwezi kulingana na ukuta.

Sababu ya pili ni kiu ya ukuta. Pati na plasta tupu hunywa rangi. Rangi ya zamani hainywi. Ukipaka zote mara moja, penye pati patakuwa pakavu bila kung'aa, na pembeni patang'aa. Rangi ni moja, lakini macho huona mbili.

Sababu ya tatu ni chombo. Ukuta uliopakwa kwa rola una vipele vidogo vidogo. Brashi huacha mistari. Ukitia kiraka cha brashi katika ukuta wa rola, jua la ubavuni litakusema.

Sababu ya nne ni ukingo. Tukiacha ukingo mnene wa rangi kuzunguka kiraka, huo ni ngazi ndogo, na kila ngazi ina kivuli chake.

Ndugu wanachama, katika sababu hizi nne, tatu zinaweza kupunguzwa kwa kazi ya mikono. Ile ya kwanza, ya umri, haiondoki kwa ufundi peke yake. Kwa hiyo fundi mwema humwambia tajiri mapema kwamba ukuta uliopauka sana hauna kiraka kisichoonekana, na kwamba heri kupaka upande mzima kutoka kona hadi kona. Macho hayalinganishi rangi kwa urahisi yanapovuka kona. Kusema hivyo mapema ni ufundi. Ukisema baada ya kuzuiliwa fedha, tajiri atasikia malalamiko tu.

UULIZE UKUTA KWANZA

Mnajua wote ya kuwa Rongai ni mji wa reli. Njia ya kutoka Nakuru ilipita hapa ikafika Eldoret mwaka 1924, na nyumba zikafuata reli: stesheni, landi za wafanyakazi, maghala, na majumba ya walowezi mashambani. Nyingine zingalipo hadi leo, na baada ya uhuru wa 1963 zimekuwa ofisi, shule na makao ya watu. Nyumba ya namna hiyo imepakwa mara nyingi sana. Kwaruza ukingo wake kwa ncha ya kisu utaona tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni la namna yake.

Basi kabla ya kupaka, uliza ukuta maswali matatu.

Swali la kwanza: je, ni chokaa au distempa ya zamani? Chukua kitambaa chenye maji ukisugue mahali padogo. Kikitoka cheupe kama umesugua ubao wa shule, rangi ya leo haitashika. Itakaa wiki chache kisha itabambuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Dawa ni kuisugua na kuiosha mpaka uso ulio imara upatikane, kisha kupaka rangi ya kwanza ya kushikisha.

Swali la pili: je, ni rangi ya mafuta au ya maji? Katika shule, zahanati na landi nyingi, ukuta wa chini hadi begani hupakwa rangi ya mafuta ili uoshwe, na wa juu rangi ya maji. Tia spiriti kidogo kwenye kitambaa ukisugue. Rangi ya maji italainika na kushika kitambaa, lakini ya mafuta haitajali. Ukipaka rangi ya maji juu ya mafuta yanayong'aa bila kuyakwaruza, utaibandua kwa ukucha.

Swali la tatu ndilo zito: je, ndani ya matabaka haya kuna madini ya risasi?

VUMBI LISILOONEKANA

Risasi tunayoisema ni yale madini yanayotiwa ndani ya betri za gari. Zamani yalitiwa katika rangi, hasa rangi ya mafuta, ili iwe nyeupe, ishike vizuri, ikauke upesi na idumu. Rangi ile ikikaa imara ukutani haimdhuru mtu. Ikipigwa msasa mkavu huwa vumbi, na ikichomwa kwa moto huwa moshi. Hapo huingia mwilini kwa pumzi, na kwa mkono ulioshika ugali bila kunawa.

Mtu mzima akiingiwa na risasi nyingi huumwa tumbo kwa kusokotwa, hukosa choo, hupungukiwa na damu, na ikizidi mkono hulegea kifundoni hata asiweze kuinua brashi. Wapaka rangi wa Ulaya waliyajua magonjwa hayo tangu zamani. Kwa mtoto ni vibaya zaidi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hana haja ya kufika kazini kwa baba yake. Vumbi humfuata nyumbani katika nguo.

Msidhani haya ni maneno mapya, wala msidhani yametungwa na watu wa ofisini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Geneva likapitisha Mkataba Namba 13, juu ya rangi nyeupe ya risasi. Mkataba ule ulikataza rangi hiyo katika kupaka ndani ya majengo. Ulitoa ruhusa tu kwa stesheni za reli na majengo ya viwanda, pale serikali ikiona ni lazima, baada ya kushauriana na vyama vya matajiri na vya wafanyakazi. Mkataba huo huo ulitaka wapaka rangi wavae nguo za kazi, wapewe mahali pa kunawa wakati wa kazi na baada yake, na zichukuliwe hatua za kuzuia hatari ya vumbi la msasa mkavu na la kukwangua. Ndugu zangu, hayo yaliandikwa miaka mitatu kabla reli haijafika Eldoret, na sisi bado tunapiga msasa mkavu tukiwa tumefunga leso puani.

Hapa Kenya siku hizi kuna kiwango cha serikali: rangi mpya isiwe na risasi kupita sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Ni jambo jema, lakini kiwango hicho hulinda debe linalouzwa dukani. Ukuta wa mwaka 1950 haukusoma kiwango hicho. Sisi tunaoukwangua ndio tunaokutana nao.

Na anayesema risasi ni ugonjwa wa Ulaya, na aende Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Huko haikuwa rangi. Kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, lakini madini ni yale yale, na waliodhurika ni wafanyakazi, jirani zao na watoto. Bi Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapigano yale. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Hesabuni miaka. Waliodhurika walingoja sana. Sisi tusingoje tudhurike, maana kinga yetu ni ndoo ya maji.

NAMNA YA KUFANYA

Hapa twataka kusema wazi, hatua kwa hatua, ili hata kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita aweze kufuata.

1. Toa vyombo na watu chumbani, hasa watoto na mama wajawazito. Tandika karatasi ya nailoni sakafuni, nawe fungua madirisha.

2. Osha ukuta kwa maji na sabuni, kisha suuza kwa maji safi. Doa jingine litatoka hapo hapo, na kazi ya kiraka itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Masizi ya taa na ya jiko yasiyotoka yazibe kwa rangi ya mafuta ya kuzuia madoa, kwa sababu ukiyapaka rangi ya maji yatapenya na kurudi.

3. Ukiona unyevu au ukungu, simama. Tafuta maji yanatoka wapi: paa, bomba, au udongo uliorundikwa nje ya ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ukipaka rangi juu ya unyevu, utaipaka tena mvua zijazo.

4. Katika nyumba ya zamani, usipige msasa mkavu wala usichome rangi. Lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, futa tope kwa kitambaa, na maji machafu usiyamwage penye bustani ya mboga au wanapochezea watoto. Vaa barakoa halisi ya kuchuja vumbi. Leso haichuji. Usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa cha maji.

5. Ziba mashimo kwa pati kidogo kidogo. Ikauke, ndipo uilainishe hata ukipitisha kiganja usihisi ukingo. Halafu paka rangi ya kwanza juu ya pati, ili ukuta wote uwe na kiu moja.

6. Jaribu rangi mahali padogo panapofichika, ungoje ikauke kabisa kabla ya kusema imelingana, maana rangi mbichi hudanganya. Ikiwa una madebe mawili, yachanganye katika ndoo moja kwanza.

7. Tumia chombo kile kile kilichopaka ukuta mwanzo. Paka tabaka jepesi, vuta ukingo nje mpaka uishe wenyewe, kisha rudia. Julai na Agosti, baridi ya huku huchelewesha ukavu. Usipake jioni ukitegemea muujiza wa usiku.

8. Mwisho shika tochi, uilaze ubavuni mwa ukuta, utazame. Heri tochi yako ikuonyeshe kosa leo kuliko jua la kesho likiwa na msimamizi.

Ukimaliza, nawa mikono na uso kabla ya kula au kuvuta sigara. Nguo za kazi zivuliwe kazini na zifuliwe peke yake. Na rangi iliyobaki ifungwe vizuri, iandikwe jina, namba iliyo kwenye kopo, chumba na tarehe. Atakayekuja baada yako ni ndugu yako.

NANI ALIPE SAA HIZO

Sasa hesabuni wenyewe. Katika hatua hizo nane, chache tu ndizo za brashi na rola. Nyingi ni kuosha, kuziba, kungoja na kutazama. Tajiri akisema "siku moja" huwa amehesabu zile chache tu. Fundi akikubali, atalazimika kuziiba zile nyingine, na mwizi wa saa zake mwenyewe hulipa kwa kifua chake na kwa jina lake.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi na vifaa vya kujikinga pale kazi inapomkutanisha na kitu chenye madhara. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inahesabu pia maradhi yanayotokana na kazi. Lakini sheria haipandi ngazi ikamwambia msimamizi. Ni sisi wa kusema, na tuseme kabla ya kazi.

Kwa hiyo twawaombeni kila mmoja, kabla ya kukubali kazi ya viraka, aweke maneno matatu katika mapatano, na yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari:

La kwanza: saa za kutayarisha ukuta zihesabiwe na kulipwa kama saa za kupaka.

La pili: fundi autazame ukuta pamoja na tajiri kwanza, na aseme wazi ni sehemu gani kiraka kitaonekana. Tajiri akichagua kiraka badala ya ukuta mzima, huo ni uchaguzi wake, wala fedha za fundi zisizuiwe.

La tatu: nyumba ya zamani ihesabiwe kuwa na risasi mpaka ithibitike kuwa haina. Barakoa, msasa wa maji, sabuni na mahali pa kunawa vitolewe na tajiri.

Katika kisa chetu kile, mwisho wake ulikuwa hivi. Tulikubali kwamba tulikosa kutotia rangi ya kwanza juu ya pati, na kwamba tulitumia brashi penye rola. Tajiri naye akakubali kwamba debe lilikuwa la zamani na siku moja haikutosha. Tulirudi siku mbili, tukapaka pande mbili za ukumbi kona hadi kona, kwa msasa wa maji, na fedha zote zikatolewa pamoja na za siku hizo mbili. Hakuna aliyepiga kelele. Kama tungalikwenda mmoja mmoja, twajua jibu ambalo tungalipata langoni.

Msione aibu kuitwa mafundi wa viraka. Dunia imejaa kuta zilizochakaa, na anayejua kuutengeneza ukuta mkuukuu bila kujidhuru wala kumdhuru mwanawe ni fundi kamili. Basi tusiiuze kazi hiyo kwa bei ya siku moja.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Mwenye swali na aulize, na mwenye kisa kama chetu akilete kwa katibu wa tawi kabla hajarudi nyumbani.

Umoja ni nguvu.